KIINGEREZA CHA RADIO NA MASIKIO YETU

Maneno ya karani mmoja wa mgodi, aliyoyasema mbele ya wafanyakazi na watu wa mji, Salamabila



Mmeniita niseme juu ya radio, na juu ya Kiingereza kinachosemwa ndani yake. Najua wengine wanasema: karani huyu atatuonyesha leo kwamba alisoma sana. Hapana, ndugu. Nitaanza na kosa langu, maana anayetaka kuwasahihisha wenzake yafaa aonyeshe kwanza kidonda chake.

Siku moja nililetewa karatasi ya Kiingereza, mistari minne tu. Nikaambiwa niigeuze kwa Kiswahili ipate kusomwa katika radio. Habari yake ilikuwa ya baruti: mwamba utapasuliwa, watu wasipite njia ya mlimani. Kiingereza kiliandika saa kwa hesabu ya Wazungu, yaani kumi kabla ya adhuhuri. Nami kwa haraka nikaandika: saa kumi. Nikafurahi kwamba kazi imekwisha. Yule kijana wa radio akaisoma vile vile, tena kwa sauti ya puani, akiigiza watangazaji wa London, maneno yakipita mbio kama maji ya mvua.

Mama zetu wakasikia saa kumi. Mtu wa hapa akisikia saa kumi anajua ni saa ya jua kuinama, watu wanaanza kurudi kutoka mashambani. Basi asubuhi wakatoka kwa amani, jembe begani, mtoto mgongoni, wakashika njia ile ile. Ilikuwa saa nne yetu, ndiyo kumi ya Wazungu. Mlinzi aliwaona kwa bahati, akakimbia akipunga shati lake, ndipo fundi wa baruti akazuia mkono. Hakufa mtu. Lakini katika mbio zile mama mmoja alianguka juu ya mawe, akavunjika mkono, na mkono ule haujanyooka mpaka leo. Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza: "Mwanangu, wewe ulisoma kwa mapadri. Saa kumi yako ni ipi?"

Sikuwa na jibu. Maneno haya ya leo ndiyo jibu langu kwake.

Kwanza tuulize: nani alikosa? Kiingereza hakikukosa. Kile kilisema kweli kwa hesabu yake. Nilikosa mimi, kwa kubeba neno na kuacha maana yake nyuma. Na mtangazaji alikosa, kwa kutafuta sauti ya kupendeza kuliko sauti ya kusikika. Makosa hayo mawili yamo katika radio nyingi, si hapa peke yake.

Watu wengi wanafikiri Kiingereza cha radio kilishuka kutoka mbinguni, na kila anayesema tofauti ni mshenzi. Sikilizeni basi habari ya Waingereza wenyewe. Radio yao kubwa, BBC, ilianza mwaka 1922. Mkubwa wake alikuwa John Reith, mtu wa Scotland. Mwaka 1926 aliweka halmashauri ya wenye elimu ili waamue watangazaji watamkeje maneno yale ambayo Waingereza wenyewe hawakupatana juu yake. Mkuu wa kwanza wa halmashauri ile alikuwa mshairi Robert Bridges. Alipokufa mwaka 1930, akamfuata George Bernard Shaw, mwandishi wa michezo, mzaliwa wa Ireland. Angalieni jambo hili, ndugu zangu: mtu wa Scotland anaita, mtu wa Ireland anaongoza, na kazi yao ni kuamua Kiingereza cha Waingereza! Walibishana miaka kwa miaka, mpaka vita vya mwaka 1939 vikawatawanya.

Sauti iliyochaguliwa kusoma habari ilikuwa ya watu wa kusini waliosoma katika shule za watoto wa matajiri. Mwana wa mchimba makaa wa kaskazini alisikiliza radio ya nchi yake asisikie mtu wa kwao. Katikati ya vita, mwaka 1941, walimweka Wilfred Pickles, mtu wa Halifax katika Yorkshire, asome habari. Alisema kama watu wa kwao wanavyosema. Mara makelele! Wasikilizaji wengi wakanung'unika kwamba habari nzito haziwezi kutoka katika kinywa kama hicho. Je, habari zilibadilika? Hapana. Vita vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kawaida alisikika katika kiti cha wakubwa. Leo katika radio hiyo hiyo utasikia sauti za Scotland na Wales, za Lagos na Nairobi, na Uingereza haijazama baharini.

Kama wenye lugha walihitaji miaka mingi kukubali kwamba lugha yao ina vinywa vingi, kwa nini kijana wa Maniema ajitese kupata pua ya London?

Jambo la pili. Radio si mchezo, ni mamlaka. Huko Kenya utangazaji ulianza mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya masetla. Mwafrika alikuwa akipita tu nje ya dirisha. Mwaka 1954 Radio Cairo ilianza kusema kwa Kiswahili, ikawasemesha watu wa Mombasa na Unguja juu ya uhuru. Mwaka 1957 London nayo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Lugha ile iliyoitwa ya maboi na ya wapagazi, sasa wakubwa walishindana kuisema!

Na hapa kwetu Kongo? Tarehe 30 Juni 1960 Patrice Lumumba alisema maneno yake mbele ya mfalme wa Wabelgiji, na radio ikayapeleka mbali. Tarehe 5 Septemba mwaka ule ule, Rais Kasavubu alitangaza kwa radio kwamba amemwondoa Lumumba katika kazi. Lumumba akaenda kwenye radio hiyo hiyo usiku ule ule, akajibu. Kesho yake watu wa Umoja wa Mataifa wakaifunga radio. Kwa hiyo mjue: wenye nguvu wakigombana, wanakimbilia kwenye radio. Lakini maneno makubwa ya siku zile yalisemwa kwa Kifaransa. Baba zetu waliokuwa katika mashimo ya madini walingoja mtu wa kuwaeleza, na mwelezaji aliweza kuongeza au kupunguza alivyotaka.

Jambo la tatu linahusu feza, nanyi wafanyakazi mfungue masikio. Kuna maneno ya Kiingereza yanayoingia katika Kiswahili cha radio yakiwa yamevaa nguo za watu wengine. Mtangazaji anasema "bilioni". Kwa Mwingereza wa leo ni milioni elfu moja. Lakini aliyesoma kwa Kifaransa, kama sisi, milioni elfu moja anaiita miliari, na bilioni kwake ni milioni mara milioni. Hapo kuna tofauti ya mara elfu! Mmoja anasikia kilima, mwingine anasikia mlima wa Ruwenzori.

Tena wanasoma bei ya dhahabu katika soko la dunia kwa wakia. Mtu anayepima kwa gramu anasikia bei kubwa, anaruka, anasema tajiri wa dhahabu amemwibia. Pengine amemwibia kweli. Lakini kabla ya kupigana ajue kwanza kwamba wakia ya dhahabu ni gramu 31 na kidogo, tena si sawa na wakia ya kupimia unga, ambayo ni gramu 28 na kidogo. Nani alimweleza? Hakuna. Mtangazaji alisoma tarakimu akaenda kwenye muziki.

Hata saa: radio za nje zinaposema saa tatu usiku ya Afrika Mashariki, hapa kwetu ni saa mbili. Aliyekosa saa moja amekosa habari nzima.

Na sheria je? Sheria ya migodi ya Kongo ilirekebishwa mwaka 2018. Inasema kwamba mwenye mgodi atoe kwa maendeleo ya wenyeji kiasi kisichopungua 0.3 kwa 100 ya mauzo yake. Maana yake, katika kila franka 1,000 za mauzo, franka 3 ni za kazi za wenyeji: masomo, lopitali, maji, barabara. Nimeieleza kwa maneno machache, na hata mtoto ameelewa. Ikisomwa kwa Kifaransa kizito, au kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza, nani ataiuliza? Haki isiyoeleweka haidaiwi.

Wengine watasema: karani, unachukia Kiingereza. Sikichukii hata kidogo. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa jumuiya ile, wa mwaka 1999, uliandikwa kwa Kiingereza na kukiweka kuwa lugha ya kazi zake. Katika kazi ya mgodi vitabu vingi vya mashine ni vya Kiingereza. Mtoto wetu akijifunze, akijue vizuri, asome mkataba mpaka mstari wa mwisho. Ninachokataa ni Kiingereza cha kujivuna, kile cha kuonyesha watu kwamba wewe si mwenzao.

Maana kipo pia Kiingereza cha radio kilicho chema. Mwezi wa Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianza kipindi cha Kiingereza chepesi. Walichagua maneno kama 1,500 tu. Sentensi zilikuwa fupi, kila moja ikibeba jambo moja. Msomaji alisoma polepole kuliko kawaida. Kwa miaka mingi watu wa nchi nyingi walijifunzia lugha hapo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wenye lugha hawakuona aibu kusema polepole kwa ajili ya mgeni. Je, sisi tutaona aibu kusema polepole kwa ajili ya mama zetu?

Na Kiswahili chetu kisidharauliwe. Kilifika Kasongo na Kabambare katika karne ya 19, pamoja na misafara ya Tippu Tip na watu wake. Kilikuja pamoja na minyororo, hatusahau. Lakini babu zetu waliichukua lugha ile wakaifanya yao, Mbangubangu akasemezana na Mzimba na Mkusu. Mwaka 1928, huko Mombasa, wakubwa wa serikali za Kiingereza walichagua Kiswahili cha Unguja kiwe kipimo cha vitabu. Kongo haikuwa na kiti katika jambo lile. Kwa hiyo wa pwani akisema shule, sisi tunasema masomo. Yeye anasema hospitali, sisi lopitali. Yeye asante, sisi aksanti. Ni ndugu wa mama mmoja. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Radio Okapi ilipoanza mwaka 2002 ilitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Basi njia imekwisha kufunguliwa. Inatupasa kuitembea.

Ndugu, ninaomba mambo manne.

La kwanza: tangazo lolote la hatari, la baruti, la maji au la ugonjwa, lisemwe kwa saa yetu, na sehemu ya siku itajwe. Isiwe "saa nne" tu. Iwe saa nne asubuhi. Tena lirudiwe mara tatu.

La pili: anayegeuza maneno kutoka Kiingereza au Kifaransa asiyapeleke kwenye radio kabla ya kumsomea mtu mmoja asiyejua lugha hizo. Mtu huyo aeleze kwa maneno yake alichosikia. Kama hakuelewa, karatasi irudi mezani. Mimi nafanya hivyo sasa, na mara nyingi karatasi inarudi.

La tatu: kila hesabu ya feza na ya dhahabu ielezwe: ni franka au dolari, ni gramu au wakia, ni milioni ngapi.

La nne: vijana wanaotaka kazi ya radio waache kuigiza pua za watu. Waseme wazi, polepole, kwa sauti waliyopewa na mama zao. Na sisi wasikilizaji tusicheke mtu kwa sababu anasema kama mtu wa Kabambare.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni letu sote. Tusiposikia vizuri, tuulize. Kuuliza si ujinga. Watu wengi walisikia tangazo langu siku ile. Baadaye wengine waliniambia: tulishangaa kidogo, maana baruti hupigwa asubuhi, lakini tukasema, radio haiwezi kukosa. Radio inakosa, ndugu! Ndani yake mna watu, na nyuma yao mna makarani kama mimi.

Yule mama amekaa pale mbele, naye ameniruhusu nitaje habari yake. Mama, uliniuliza saa kumi yangu ni ipi. Nakujibu mbele ya watu wote: ni ile yako, ya jua linapoinama. Sina nyingine tena.

Nimemaliza.