Posho ya Mgonjwa wa Ini

Hapa Tabora, wapagazi wa misafara ya Ujiji na Bagamoyo walipimiwa posho. Mwenye maradhi sugu ya ini naye apimiwe. Madaktari hukadiria kalori 30 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 ahitaji 1,800 hadi 2,100 kwa siku. Uzito wa maji yaliyojaa tumboni usihesabiwe. Ini lenye makovu haliweki akiba ya kutosha. Usiku mmoja bila chakula, mwili huanza kula misuli yake. Basi tumpe uji kabla ya kulala, wala tusimnyime maharage na samaki.

Tumeshuhudia wagonjwa wakifunga kwa kuona haya. Suratul-Baqara, aya ya 184, imewapa ruhusa. Sisi ni nani tuwanyang'anye? Wabillahi tawfiiq.