Woga wa Kuudhi na Mwelekeo wa Vichekesho Vyetu



Tumeulizwa kama woga wa kuwaudhi watu umevibadilisha vichekesho vya zama hizi. Jibu langu ni ndiyo. Ila kabla ya kusonga mbele tukubaliane ni nani hasa anayeogopwa, maana mchekeshaji wa Afrika Mashariki anamwogopa zaidi anayeweza kumfunga kuliko anayeweza kuumia. Matokeo yake tunayaona kila wiki kwenye televisheni na kwenye simu zetu: waziri anasalimika, dada wa kazi anachekwa.

Nianze na Tanzania. Oktoba 2019, Idris Sultan, mchekeshaji na mshindi wa Big Brother Africa mwaka 2014, aliweka mtandaoni picha ambamo alibadilishana sura na Rais John Magufuli, katika siku ya kuzaliwa ya Rais. Akatakiwa kuripoti polisi. Mei 2020 alikamatwa, safari hii baada ya video iliyomwonyesha akicheka picha ya zamani ya Rais akiwa ndani ya suti kubwa. Mashtaka aliyosomewa katika Mahakama ya Kisutu hayakugusa kicheko hata kidogo. Yalihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Naomba tutulie kidogo kwenye jambo hili la laini ya simu. Mtu akishtakiwa kwa mzaha alioutoa, wenzake wanajifunza mpaka uko wapi, na mwanasheria anaweza kuutetea mzaha wenyewe mahakamani. Akishtakiwa kwa jambo lingine kabisa, hakuna anayejua kilichokatazwa ni kipi. Kila mmoja anarudi nyuma hatua nyingi kwa tahadhari, na wahariri na wadhamini wanarudi zaidi yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa tayari zimeandaa mazingira hayo. Ziliharamisha, miongoni mwa mengine, maudhui yanayoleta kero, na adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kichekesho chochote cha maana kinamkera mtu fulani. Sheria inayoifanya kero kuwa kosa inaikataza kazi yenyewe.

Jirani zetu nao hawako mbali. Nchini Uganda, Julai 2020, wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa sababu ya video iliyowataja wakuu wa vyombo vya dola wanaotoka upande mmoja wa nchi. Kenya ina historia ya kutia moyo zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Rais Daniel arap Moi akiwa bado Ikulu, vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walimwigiza hadharani. Kizazi kilichozoea kushusha sauti kikitaja jina la Rais kikamwona anachekwa sebuleni, na nchi ikabaki imesimama. Kuanzia mwaka 2009, vikaragosi vya kipindi cha The XYZ Show, kazi ya mchoraji katuni Gado, vikaendeleza ujasiri huo. Baadaye vijana walimwita Rais William Ruto “Zakayo”, yule mtoza ushuru wa Biblia, na jina likashika nchi nzima. Lakini Desemba 2024, Kibet Bull, mchoraji wa vivuli vilivyomkejeli Rais, alitekwa, na hakuachiwa hadi Januari 2025.

Sasa, mchekeshaji aliyefungiwa njia ya juu anaelekea wapi? Bado anatakiwa kutoa video mpya wiki hii, na kodi ya nyumba inamsubiri. Anamgeukia asiye na wakili. Anamwigiza msichana wa kazi kwa lafudhi ya kijijini kwao, mwanamke mnene, mlemavu, mkimbizi. Nchini Kenya kuna kundi zima la vichekesho vinavyoishi kwa makabila tu: huyu anapenda pesa, yule anajisifu, wa tatu anapenda kula. Kichekesho cha aina hii hakihitaji ujasiri wowote, na mara nyingi hata ufundi hakina.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodai kuwa siku hizi watu wamekuwa wepesi wa kuudhika. Nchini Tanzania watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Anayewatania kana kwamba si watu kamili anaulisha uongo uleule waliouamini wauaji. Kenya nayo ilizika watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mwaka 2008 ikatunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa kwa sababu ilijua maneno yamefikisha watu wapi. Woga wa kumuumiza mtu aliye hatarini kwa namna hiyo ni utu, na mchekeshaji anayeuita udhaifu anakosea.

Wazee wetu walikuwa na kipimo. Katika utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, mtani anaweza kumkejeli hata marehemu msibani, mbele ya wafiwa, na hakuna anayeshika panga. Anaruhusiwa kwa sababu siku ya msiba wake naye atafanyiwa vivyo hivyo, na kwa sababu mtani huyohuyo ndiye anayesaidia kuchimba kaburi. Anayetaniwa ana zamu yake. Waziri anayo zamu: ana maikrofoni, ana msemaji, ana polisi. Dada wa kazi anayechekwa mbele ya mamilioni hana zamu.

Kwa hiyo nawaomba washiriki mlio wanasheria mdai kosa la kero liondolewe katika kanuni zetu popote lilipo, na mzaha usifikishwe mahakamani kwa mlango wa laini ya simu. Wenye vituo vya televisheni, msiwaache wachekeshaji wenu peke yao siku wanapoitwa polisi. Tafuteni wakili kabla ya siku hiyo. Nanyi waandishi wa vichekesho, mkimwandika tena yule msichana wa kazi, mpeni jibu.