Niliyojifunza Majini Muizenberg



Nimeombwa niseme machache juu ya mchezo wa kuteleza mawimbini kwa ubao. Niliuanza Muizenberg, karibu na Cape Town, nikiwa na miaka 51. Wapo hapa wanaokumbuka jinsi nilivyoogopa hata kijito cha kwenda shamba la shule. (Kicheko.)

Mwanafunzi haendi mbali. Husimama maji yakiwa kiunoni, hungoja povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, hujilaza ubaoni, na povu likimsukuma ndipo hujaribu kuinuka. Mimi siku tatu sikuinuka. Na maji ya kule ni baridi. Bila nguo ya mpira hukai. Juu mlimani kuna watu wanaochungulia papa, king'ora kikilia wote hutoka.

Siku ya nne nikajiona fundi, nikaenda ndani kwa wenye ujuzi. Sheria yao kubwa ni hii: wimbi ni la aliye karibu zaidi na mahali linapoanza kuvunjika. Wengine huliacha. Mimi nikaingilia la binti mmoja, kisha kwa hofu nikajitupa majini na kuuachia ubao. Kamba ya mguuni haikusaidia, maana alikuwa karibu mno. Ukampasua paji la uso.

Hakunitukana. Aliniuliza tu kama sikumwona.

Nilikuwa nimemwona. Kesho yake nikarudi kwenye povu, pamoja na watoto wa miaka saba.