Kitoto cha Kobe ni Amana



Binamu yangu aliyeko Marekani aliletewa kitoto cha kobe mng'ataji wa kule mabwawani, gamba lake sentimita 3 tu. Akakitia kwenye tangi la kioo: maji ya kina kifupi kisitaabike kupanda kupumua, jiwe la kupandia, taa ya joto, na chujio, maana kinachafua mno! Kila akikigusa, ananawa kwa sabuni. Kobe hubeba salmonela. Ndiyo sababu tangu 1975 huko ni marufuku kuuza kobe wadogo wa chini ya inchi 4.

Lakini jamani, huyu akikua aweza kupita kilo 10, na huishi miaka mingi. Tangi litamtosha? Na kumtupa mtoni ovyo kwaweza kueneza maradhi.

Basi kabla hujasema "nipe", jiulize: akishakuwa mkubwa, nitamweza?