Skuli Si ya Mwalimu Peke Yake



Mtoto akishindwa kusoma, neno la kwanza linalosemwa kijijini ni kwamba mwalimu ni mvivu. Mwalimu naye akiulizwa hujibu ya kuwa wazazi hawajali. Huenda wote wawili wana haki kidogo, lakini mtoto aliye katikati yao angali hajui kusoma, na miaka inampita.

Yafaa kukumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Skuli nyingi za Kenya zilijengwa na wazazi wenyewe. Akina mama walibeba mawe na maji, wazee walitoa ardhi, na mwenye ng'ombe aliuza mmoja ili mabati yapatikane. Mtu aliyebeba jiwe la ukuta hapiti nje ya ukuta ule bila kuchungulia ndani. Kisha, mwezi wa Desemba 1973, Rais Jomo Kenyatta alitangaza ya kuwa ada itaondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na mwaka 1974 watoto waliingia kwa wingi sana. Vyumba havikutosha. Kamati zikaanza kutoza fedha za majengo, na mahali pengi fedha hizo zilizidi ile ada iliyoondolewa, hata watoto wengi wa maskini wakarudi nyumbani.

Mwaka 2003 ada iliondolewa tena, safari hii katika madarasa yote manane yaliyokuwapo wakati ule. Hesabu ya watoto wa skuli za msingi ilipanda kutoka kadiri ya milioni 5.9 hata milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyesema umri wake ni miaka 84, aliingia darasa la kwanza akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake wadogo. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini pamoja na furaha hiyo liliingia wazo baya, ya kuwa Serikali ndiyo inayolipa, basi skuli ni mali ya Serikali, na mzazi akisha kumnunulia mtoto sare amemaliza kazi yake.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema kila mzazi mwenye mtoto skulini ni mmoja wa chama cha wazazi. Bahati mbaya, vyama vingi huzungumza juu ya vyoo na ua tangu asubuhi hata jua kuchwa (mambo ya lazima, hapana shaka), wala hapana anayesimama kuuliza ni watoto wangapi wa darasa la tatu wawezao kusoma hadithi ya darasa la pili. Wapimaji wa Uwezo walianza kuuliza jambo hilo nyumba kwa nyumba mwaka 2009, nao walikuta wengi wasioweza. Jibu lile wazazi wangaliweza kulipata wenyewe kwa jioni moja.

Wengine husema, "Sisi hatukusoma, tutasaidia nini?" Hili ni kosa. Ugali ukiwa jikoni, mtoto na asome kwa sauti. Sikio la mama hutambua upesi mtoto anayesoma na yule anayebahatisha. Katika madarasa ya chini, ambako tangu mwaka 1976 shauri limekuwa kufundisha kwa lugha ya mahali, hata bibi asiyejua herufi moja atajua kama hadithi ina maana au haina.

Lakini ili mtoto asome nyumbani, sharti kitabu kifike nyumbani. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini mwaka 2015, ulikusudia kila mtoto wa madarasa ya kwanza apate kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza; na zipo skuli zilizovifungia kabatini visije vikachanika. Mwalimu mkuu asilaumiwe upesi, kwa kuwa ndiye anayeulizwa kitabu kikipotea. Hofu hiyo wazazi wanaweza kumwondolea. Wakubaliane mkutanoni ya kuwa kila mmoja atapokea kitabu kwa sahihi au kwa kidole gumba, na kikipotea, wazazi wa darasa lile watakilipa kwa pamoja.

Katika sehemu kavu kuna jambo la chakula pia. Mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2009 ulizipa skuli fedha za kununua nafaka kwa wakulima wa karibu, lakini kuni, maji na mpishi ni juu ya wazazi. Pasipo kuni mahindi hukaa ghalani, na alasiri darasa huwa nusu tupu.

Tena, juu ya vitabu vinavyokwenda nyumbani: mfuko wa kitambaa ulioshonwa kwa kanga kuukuu huvilinda na mvua. Kikichanika, watoto wakubwa wanaweza kukigandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano siku ya Ijumaa, kabla mwalimu hajavihesabu.