Mtoto akisie kwanza, kisha asome

Maneno ya mwalimu wa historia, mwanamemba wa chama, mbele ya mkutano mkuu



Komite iliniomba niseme namna watoto wetu waliorudi wanaendelea na masomo. Nitasema juu ya somo moja tu, historia, na juu ya kazi ndogo ya dakika 15 tunayoifanya mbele ya kusoma. Naichagua kwa sababu inagusa swali ambalo wazazi wengi wananiuliza: mtoto aliyerudi, je, ashushwe darasa?

Hali yenyewe tunaijua. Mtoto alisoma kwa Kiswahili ng'ambo ya ziwa, Tanzania, ao kwa Kiingereza huko Uganda na Zambia. Anafika hapa, kitabu cha historia kiko kwa Kifaransa. Anapewa ukurasa asome, ananyamaza. Watu wanasema: "Huyu, Kifaransa inamushinda, arudi chini kwanza." Basi kijana wa miaka 15 anakaa benchi moja na wa miaka 11. Anaona haya. Siku moja haji tena, na minervale mliyomlipia imepotea pamoja naye.

Ndugu zangu, kunyamaza mbele ya Kifaransa si kukosa akili. Mara nyingi jambo lenyewe mtoto analijua. Ni neno ndilo linamfungia mlango. Kazi ya mwalimu ni kumfungulia mbele ajaribu kuingia.

Tunafanya hivi. Tuchukue somo la Kongo ya mfalme Léopold II, kuanzia 1885. Mwalimu anaandika ubaoni maneno 8 yaliyo katika ukurasa: Léopold II, pneu, caoutchouc, concession, impôt, chicotte, Force publique, annexion. Anayasoma kwa sauti, haelezi kitu. Watoto wanakaa 4 kwa 4, waliorudi na waliobaki pamoja. Wanapanga maneno: lipi ni mtu ao watu, lipi ni kitu, lipi ni mahali, lipi linaonyesha shida, lipi linaonyesha mwisho wa mambo. Wanazungumza kwa lugha yoyote wanayoisikia. Kisha kila kikundi kinaandika sentensi 3 zinazoanza na "Tunafikiri". Hapo tu ndipo kitabu kinafunguliwa.

Sasa sikilizeni yanayotokea. Pneu inawachekesha: "Mwalimu, pneu ya pikipiki inatafuta nini katika mambo ya zamani?" Kumbe hapo ndipo somo linaanzia. Mwaka 1888 Dunlop alitoa pneu ya upepo kwa baiskeli. Kisha zikaja motokari. Ulaya na Marekani zikataka mupira mwingi, na pori letu lilikuwa nao.

Kwa concession wanasema: "Ni ile ya misioni, kiwanja chenye kanisa na shule." Wanasoma, wanakuta ni eneo kubwa la pori ambalo serikali ya Léopold ilipatia kampuni, kama ABIR iliyoundwa 1892, ichukue mupira wote wa mle. Mtoto mmoja akauliza: watu waliokuwa wanakaa mle ndani, nani aliwauliza? Swali lile halikuandikwa kitabuni.

Impôt, wanakisia kodi ya soko, feza mkononi. Wanakuta vijiji vililipa kwa mupira na kwa kazi, na aliyeleta pungufu alipigwa chicotte, fimbo ya ngozi ya kiboko. Wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mupira.

Na annexion? Kijana mmoja aliyerudi, ambaye hakuwa anasema kitu darasani, alinyoosha mkono: "Ni annexe, nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa." Neno hilo alilijua kwa sababu tangu warudi wanalala katika annexe ya mjomba. Wenzake walicheka. Tukasoma: mwaka 1908 Ubelgiji uliichukua Kongo kutoka mkononi mwa mfalme, ukaifanya koloni yake. Nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa! Darasa likanyamaza. Mtu wa kushusha darasa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na maana.

Kisha kusoma, kazi haijaisha. Kila kikundi kinarudia sentensi zake na kutia alama: ndiyo, hapana, ao kitabu hakisemi. Wanaonyesha mstari unaothibitisha. Tukiruka hapo, kukisia kunabaki kichwani kama ukweli, na hiyo ni hatari. Sentensi ya mwisho, iliyosahihishwa, wanaiandika kwa Kifaransa. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa. Mtoto wetu anahitaji zote mbili: moja ya kuingilia, nyingine ya kufanyia mtihani.

Kwa walimu wenzangu nina maonyo machache. Maneno yasizidi 8, na yachanganywe, yanayojulikana na mapya. Majina na tarehe hazikisiwi. Mwambieni mtoto moja kwa moja. Kukisia vibaya kusikatwe pointi. Na tusianze kazi hii na vita vya juzi. Katika benchi moja tuna watoto ambao wazazi wao walikimbiana. Waanze na mambo ya mbali, wazoee kusema "tunafikiri" na kusema "hapana, sivyo" bila kugombana. Siku ya kusoma mambo ya karibu itafika, na watakuwa wamejifunza kusikilizana.

Mwisho, naomba mambo matatu. Kwa komite: mkiongea na shule, ombeni mtoto aliyerudi asishushwe darasa juu ya kusoma Kifaransa peke yake, apewe kwanza muhula mmoja akiwa na wa rika lake. Kwa wafadhili: karatasi kubwa na kalamu nene, juu ubao mmoja hautoshi vikundi 12, pamoja na usafiri wa walimu wakutane mara moja kwa mwezi kuchagua maneno ya masomo yanayokuja. Kwa wazazi, hamulipi kitu. Jioni muulizeni mtoto: "Leo mulikisia neno gani, na kitabu kilisema nini?" Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza vile, na mtoto ataeleza kwa Kiswahili chake.

Walimu wanaotaka kuona kazi hii kwa macho, mlango wa darasa langu uko wazi.