Mama, Chagua Kundi la Mazoezi Linalokufaa

Leo tutazungumza juu ya mazoezi ya viungo yanayofanywa kwa vikundi.

Akina mama wengi wakija kliniki huniuliza, "Sista, niingie kundi gani? La erobiki, la kutembea, au timu ya netiboli?" Jibu langu ni hili: usiingie kundi kwa sababu jirani yako yuko huko. Tazama mambo matatu. Kwanza, hali ya mwili wako. Pili, kazi unayofanya kutwa. Tatu, kama utaweza kurudi wiki ijayo na wiki itakayofuata. Kundi linalomfaa jirani laweza kukuumiza wewe.

Mazoezi yana faida gani? Husaidia kuteremsha presha, hupunguza sukari katika damu, huimarisha mifupa, huleta usingizi mzuri na kupunguza mawazo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hizo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Tena aimarishe misuli siku mbili au zaidi kwa wiki. Utajuaje kwamba ni ya wastani? Ni rahisi. Ukiwa katika mazoezi, unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kuongea, punguza mwendo.

Sasa, tazama kazi yako ya kila siku. Mama anayebeba jerikani ya lita 20 kutoka kisimani anabeba kilo 20 kichwani au mgongoni. Mama anayetembea mbali kutafuta kuni ametembea tayari, na mwendo huo unahesabiwa. Mama huyo hahitaji kurukaruka tena saa nzima jioni. Anahitaji kunyoosha mgongo, kuimarisha misuli ya tumbo, na kupumzika. Lakini mama anayeketi dukani kutwa, au ofisini, au chini akisuka vikapu vya mkoma, huyo anahitaji mazoezi ya kuufanya moyo upige kwa kasi. Mama hawa wawili hawafai kuingia kundi moja kwa sababu tu wanaishi mtaa mmoja.

Tuangalie aina za vikundi.

1. Kutembea kwa haraka. Hili linafaa karibu kila mtu: mjamzito mwenye afya, mwenye presha, mwenye sukari, na nyanya pia. Halina ada. Vaeni viatu vyenye soli ngumu, maana miiba ya mathenge hupenya ndala. Mwenye ugonjwa wa sukari akague miguu yake kila akirudi, kwa sababu anaweza kuchomwa asihisi.

2. Erobiki na ngoma. Hapa mnafuata mwalimu na muziki. Msidharau ngoma zetu. Edonga ni mazoezi kamili: miguu inaruka, moyo unapiga, mapafu yanafanya kazi. Wenzetu wa Sudan Kusini, Kongo, Burundi na kwingineko wana ngoma zao pia. Lakini kuruka hakumfai aliyejifungua karibuni, mwenye maumivu ya goti, wala anayevuja mkojo akikohoa au akicheka.

3. Kuimarisha misuli. Hufanywa kwa kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, au kuinua chupa za maji. Yanawafaa sana akina mama waliopita umri wa kuzaa, maana mifupa yao huanza kupungua nguvu. Usizuie pumzi unapoinua kitu. Kuzuia pumzi hupandisha presha kwa ghafla.

4. Kunyoosha viungo. Haya ni ya polepole, yanafanywa juu ya mkeka. Yanamfaa mwenye mgongo unaouma na mwenye mawazo mengi. Peke yake hayatoshi kwa moyo, kwa hiyo yachanganye na kutembea.

5. Michezo ya timu, kama netiboli, voliboli na kandanda. Hii inawafaa wasichana na akina mama wachanga wenye afya. Mlezi, usimnyime binti yako uwanja. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu ya wakimbizi ilikuwa na wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliokuwa wameishi Kakuma. Aliyebeba bendera alikuwa msichana, Rose Nathike Lokonyen. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa saa moja ya kucheza na kukimbia kila siku.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa maana kuna akina mama ambao lazima wajihadhari.

Mama aliyejifungua: ukizaa kwa njia ya kawaida bila matatizo, anza kwa kutembea polepole kadiri unavyojisikia. Kabla ya kuruka au kukimbia, ngoja upimwe kliniki katika wiki ya sita. Ukifanyiwa upasuaji, usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako mpaka daktari akuruhusu. Kuna zoezi moja unaloweza kulifanya hata ukiwa umeketi: bana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achilia. Fanya mara kumi, mara tatu kwa siku. Mama anayevuja mkojo asione aibu akajificha nyumbani. Aje kliniki, tutamsaidia. Lakini mama anayevuja mkojo au choo mfululizo baada ya uzazi mgumu, huenda ni fistula. Hiyo haiponi kwa mazoezi. Inahitaji matibabu hospitalini.

Mama anayenyonyesha: mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kwenda, unywe maji, ukirudi mnyonyeshe tena.

Mama mjamzito: tembea, nyoosha viungo, lakini epuka joto kali, michezo ya kugongana na ya kuanguka. Ukiona damu, maji yakivuja, kichwa kikiuma sana, kifua kikiuma, au mtoto amepunguza kucheza, acha na uende hospitali mara moja.

Mama mwenye presha au sukari: upimwe kwanza, na usiache dawa kwa sababu umeanza mazoezi. Anayejidunga insulini ale kabla, na abebe sukari kidogo mfukoni.

Na mama ambaye hali vya kutosha: hili nalisema wazi kwa kuwa tunaijua hali yetu wakati wa ukame na wakati mgao unapopungua. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha na mkono wako umepimwa ukawa chini ya sentimita 21, au umeandikishwa kupata chakula cha lishe, mwili wako hauna akiba ya kuchoma. Acha mazoezi ya nguvu. Kwanza ule upone. Kikundi unachokihitaji sasa ni kile cha lishe.

Juu ya jua letu. Mchana wa Lodwar na Kakuma mara nyingi hupita nyuzi 35. Fanyeni mazoezi kabla ya saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni, na mrudi pamoja kabla ya giza. Kila mtu aje na chupa ya maji. Mvua ikinyesha mbali, msitembee ndani ya laga, kwa maana maji huja ghafla. Mwenzenu akishikwa na kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa, mpelekeni kivulini, mlegezeni nguo, mmwagieni maji na mmpepee. Akianza kuchanganyikiwa au akizimia, msimnyweshe kitu. Endeleeni kumpoza huku mkimkimbiza hospitali.

Kabla ya kulipa ada, nenda ukatazame kundi siku moja bila kujiunga. Jiulize haya: Je, mwalimu anauliza kama mtu ni mgonjwa au mjamzito? Anaanza polepole kabla ya kuongeza kasi? Anawapa wanyonge zoezi jepesi zaidi? Kuna mapumziko ya kunywa maji? Watoto wanaachwa na nani? Kama ungependa kundi la wanawake peke yao, lipo? Ada hiyo itapunguza chakula cha nyumbani? Ikiwa itapunguza, fanya mazoezi ya bure. Mama sita na njia salama ni kundi tosha.

Jihadhari na mwalimu anayewauzia vidonge vya kupunguza unene, au anayewafunga tumbo kwa nailoni ili mtoe jasho. Jasho ni maji, siyo mafuta. Ukinywa maji, uzito ule unarudi. Katika joto la hapa, kufungwa nailoni kunaweza kukuangusha.

Kwa kumalizia, kumbukeni: angalia mwili wako, angalia kazi yako, na chagua kundi utakalolirudia. Anza na dakika kumi, uongeze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Ukiwa na shaka, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako au ufike kituo cha afya kilicho karibu.

Mwambie na jirani ambaye hana redio.